Chembe Ndogo Zionyeshazo Njia ya Saratani

Alasiri moja, watoto wa chuoni walipokuwa wamekwisha funga juzuu zao na kwenda zao, alitujia mama mmoja wa mtaani petu, ameshika simu mkononi kama mtu aliyeshika barua ya tanzia. Binti yake akaa Uingereza tangu alipoolewa. Alionekana na uvimbe katika titi la kushoto, ukapimwa, ikathibitika kuwa ni saratani, na siku ya kupasuliwa ikawekwa. Hayo yote mama alikuwa amekwisha yajua, na alikuwa akiyasubiria. Lililomtoa nyumbani kwake jioni ile ni neno jingine: binti ameandika kwamba, siku moja kabla ya kupasuliwa, hospitali itamdunga sindano ya chembe zenye mionzi ya atomu.

"Maalim," alituambia, "ugonjwa mmoja hautoshi? Mimi nataka kumwandikia akatae. Lakini nimeona kwanza nikuulize wewe uliyesoma."

Twasema kweli, kisomo chetu ni cha chuo cha Kurani na shule ya msingi. Jawabu hatukuwa nalo. Tulimwomba atupe siku tatu, wala asiandike neno mpaka tutakapoonana. Ahadi ile ndiyo iliyotupeleka kwa kijana mmoja tuliyemfundisha alifu kwa kijiti, ambaye leo ni fundi wa mashine za mionzi katika hospitali moja kubwa. Kijana alikaa nasi jioni mbili, akatueleza, akatupa na maandiko ya kusoma, na kila tulipokwama akarudia bila ya kuchoka. Haya tuyaandikayo ni yale tuliyoyafahamu. Twayaleta katika kurasa hizi kwa kuwa twajua nyumba nyingi zitafikiwa na swali kama lile, na si kila nyumba ina wa kumwuliza.

Kwanza yatupasa kuondoa kosa moja. Watu wetu wakisikia neno mionzi hufikiri jambo moja tu, nalo ni kuchomwa. Hudhani hivyo kwa sababu wameona jamaa zao waliotibiwa saratani kwa mashine, ngozi zao zikageuka nyeusi na nguvu zikawaishia. Mionzi ile ni ya kutibu: hutiwa kwa nguvu, siku baada ya siku, mahali pamoja, ili iue. Lakini iko mionzi ya kuonyesha, ambayo haitakiwi kuua kitu. Kazi yake ni kutoa ishara tu, mithili ya njuga afungwayo mbuzi shingoni. Njuga haimchungi mbuzi wala haimzuii, walakini mwenye mbuzi ajua kila wakati ameingia kichaka gani.

Fikira hii ya kukifunga kitu njuga ili ijulikane kiendako ilianza na mtaalamu mmoja, George de Hevesy, mzaliwa wa Budapest. Husimuliwa kwamba mwaka 1911, alipokuwa akifanya kazi ya elimu mjini Manchester, alikaa katika nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe aliwapikia wapangaji. Akaingiwa na shaka kwamba mabaki ya nyama ya Jumapili hayatupwi, bali hurudi mezani siku za mbele kwa sura nyingine. Bibi mwenye nyumba alipoulizwa alikana. Basi Hevesy akatia kwa siri chembe ya kitu chenye mionzi katika mabaki ya sahani yake, na baada ya siku chache akaja mezani na chombo cha kupimia mionzi. Chakula kipya kilipoletwa, chombo kikatoa ushahidi. Hatumsifu kwa kutia vitu katika chakula cha watu, lakini hila ile ndiyo iliyokuja kuwa elimu. Mwaka 1923 aliitumia njia hiyo hiyo kufuatia safari ya madini ya risasi ndani ya mimea ya maharagwe, na kazi yake ya kufuatia vitu kwa mionzi ikampatia tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943.

Sasa na turejee kwa binti yule. Mwili una mishipa ya damu, ambayo kila mtu aijua, na una mishipa mingine, miembamba zaidi, ambayo wachache huitaja. Mishipa hiyo huchukua majimaji yabakiayo katikati ya nyama za mwili, yaitwayo limfu, na kuyarudisha katika damu. Njiani majimaji hayo hupita katika tezi ndogo, kadiri ya kunde, ambazo huyachuja. Ndizo zivimbazo tukaziita mitoki, mtu apatapo jeraha la mguu likaingia uchafu. Majimaji ya titi, kwa sehemu kubwa, huelekea kwapani, na tezi za huko hufika 20 au 30. Saratani ya titi itakapo kusafiri, hii ni mojawapo ya njia zake za kwanza. Hivyo daktari, baada ya kuujua uvimbe wenyewe, hujiuliza: je, umekwisha fika kwapani?

Kwa muda mrefu jawabu lilitafutwa kwa kisu. Tangu mwisho wa karne ya 19, kwa mafundisho ya daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, wapasuaji walikuwa wakiondoa titi zima, na misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi za kwapa zote. Miaka ilipopita misuli iliachwa, lakini kwapa liliendelea kufagiwa. Na kwapa likifagiwa, majimaji ya mkono hukosa pa kupitia. Si wote wapatwao, lakini kwa baadhi ya wanawake mkono huvimba, ukawa mzito kama gunia lililolowa maji. Bangili haipiti. Mkono wa nguo hautoshi. Kukuna nazi, kukamua nguo, kumpakata mtoto, yote huwa kazi ya maumivu, na uvimbe huo huweza kukaa naye maisha yake yote. Tumemjua mmoja wa namna hii katika jamaa zetu wenyewe, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa akiuficha mkono ule ndani ya kanga hata mbele ya wanawe.

Lililo zito zaidi ni hili: wengi wa wanawake waliogunduliwa mapema, tezi zao zilipokwisha kutolewa na kutazamwa kwa darubini, zilikutwa safi. Kwapa limefagiwa kwa kutafuta kitu kisichokuwamo.

Hapa ndipo njuga ilipofaa. Tezi za kwapa hazipokei majimaji ya titi zote kwa pamoja. Iko moja, au ziko mbili au tatu, zilizokaa mlangoni, ambazo majimaji hufika kwao kwanza, ndipo yakaendelea kwa nyingine. Madaktari wameipa tezi hiyo jina la mlinzi. Sisi tutaiita bawabu. Saratani ikiwa imeingia kwapani kwa njia ya majimaji hayo, imepita kwa bawabu, na bawabu ataonyesha alama yake. Bawabu akiwa safi, yaelekea walio ndani nao ni safi, wala hapana haja ya kuwatoa. Basi kazi yote imekuwa ni kumtambua bawabu miongoni mwa tezi 20 zinazofanana, zilizofichika ndani ya mafuta.

Mwaka 1992 Donald Morton na wenzake huko California walieleza jinsi walivyomtafuta bawabu kwa rangi ya buluu, kwa wagonjwa wa saratani ya ngozi. Mwaka 1993 David Krag na wenzake, pia wa Marekani, wakaeleza kwa saratani ya titi njia nyingine: chembe zenye mionzi, na kifaa cha mkononi cha kuisikiliza mionzi hiyo. Mpaka leo hospitali nyingi hutumia njia hizo mbili pamoja.

Tulimwuliza kijana wetu, chembe hizo ni chembe za nini? Akatujibu kwamba ni koloidi. Neno hili ni la wataalamu, lakini kitu chenyewe kimo jikoni mwa kila nyumba. Maziwa ni koloidi: ndani yake mna vitone vya mafuta na chembe nyinginezo zilizoenea katika maji, ndogo hata jicho halizioni moja moja, wala hazitui zote chini kama mchanga. Chembe zitumikazo sana katika nchi za Ulaya kwa kazi hii hufanywa kwa albumini, yaani protini moja iliyomo katika maji ya damu ya binadamu. (Msomaji atakayeuliza hukumu ya kutumia kitu kilichotokana na damu, swali hilo alipeleke kwa mashekhe wenye kutoa fatwa, sisi hapa twaeleza kitu kilivyo.)

Udogo wa chembe hizo wapimwa kwa nanometa. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanometa 80,000 hivi. Katika kila chembe 100 za albumini hiyo, 95 hazizidi nanometa 80. Basi zikipangwa chembe 1,000 bega kwa bega, safu yake haitapita unene wa unywele mmoja.

Msomaji asidhani kwamba udogo huu ni wa kujionyesha ufundi. Kazi yote imesimama juu ya kipimo hicho. Chembe ikiwa ndogo mno, chini ya nanometa 5 hivi, hupenya moja kwa moja katika vijishipa vya damu na kutawanyika mwilini mote. Ikiwa kubwa mno, ya mamia ya nanometa, hukaa pale pale ilipodungwa, haisogei. Iliyo baina ya hizo mbili huingia katika mishipa ya limfu, ikachukuliwa na mkondo mpaka kwa bawabu. Na ndani ya bawabu mna chembehai walaji, ambao desturi yao ni kumeza kila kigeni kipitacho. Huzimeza chembe zetu, nazo zikatulia humo kwa muda wa saa nyingi. Jambo hili lilitupendeza kuliko yote tuliyoambiwa. Mtaalamu hakulazimika kubuni kamba ya kuzifunga mlangoni. Ameijua ada ya mwili, akaipa kitu cha kumeza.

Marekani iliruhusu mwaka 2013 dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, tilmanosepti, ambayo upana wake ni nanometa 7 hivi, nayo imetiwa sukari aina ya manosi ambayo walaji wale huishika upesi. Hiyo ni hatua mbele, lakini kanuni ni ile ile.

Sasa, chembe peke yake haisemi. Hufungwa njuga, na njuga yenyewe ni tekneti-99m. Tekneti ni elementi ya 43, na ndiyo ya kwanza kupatikana kwa kutengenezwa na mikono ya watu; Emilio Segrè na Carlo Perrier waliitambua mjini Palermo, Italia, mwaka 1937. Sifa yake iliyoipendekeza hospitalini ni kwamba hutoa mionzi iwezayo kutoka mwilini ikaonekana na kamera, kisha hufifia upesi: kila baada ya saa 6, nusu ya nguvu yake huwa imekwenda.

Hesabu hii tuliwaandikia watoto wa chuoni ubaoni. Saa 6, imebaki nusu. Saa 12, robo. Saa 18, thumuni. Saa 24, sehemu moja ya 16. Mtoto mmoja wa miaka kumi aliendelea peke yake na chaki mpaka saa 48, akapata sehemu moja ya 256, na saa 60 akapata sehemu moja ya 1,024, akatuuliza kwa nini haiishi kabisa. Tulimwambia kwamba kwa hesabu haiishi, lakini kwa kipimo cha daktari yafika pahala ambapo haiwezi tena kutambulikana na mionzi ya kawaida ya ardhini na angani. Maana mionzi, wasomaji, si mgeni kwetu. Imo katika mawe, katika udongo, katika chakula, na yatushukia kutoka mbinguni. Kwa wastani wa dunia kila mtu hupata yapata milisieveti 2.4 kwa mwaka, hata asipokanyaga hospitali. Sindano ya kumtafuta bawabu humpa mgonjwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho cha mwaka.

Mwenye akili atauliza: kitu kinachokufa nusu kwa saa 6 chawezaje kufika hospitali iliyo mbali? Hakisafirishwi chenyewe. Husafirishwa mzazi wake, molibdeni-99, ambaye nusu yake huchukua saa 66, yaani siku tatu kasoro saa sita. Molibdeni huzaliwa katika vinu vya nyuklia, hufungwa ndani ya kisanduku cha risasi, hupakiwa ndegeni. Hospitalini hupitishwa maji ya chumvi ndani ya kifaa: molibdeni hubakia, tekneti iliyozaliwa hushuka na maji. Kesho yake imezaliwa nyingine. Kifaa hiki kilitengenezwa katika maabara ya Brookhaven, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, na watu wa kazi hiyo hukiita ng'ombe, maana hukamuliwa kila siku. Maji hayo yakichanganywa na unga mkavu wa albumini, wenye madini kidogo ya bati ya kuunganisha, chembe na njuga zake hushikamana, na dawa iko tayari.

Ng'ombe huyu hasubiri. Akikaa forodhani wiki moja, nguvu yake hubaki kama sehemu moja ya sita, na hospitali iliyomnunua kwa fedha nyingi hukamua karibu na maji matupu. Kijana wetu aliposema hayo alitikisa kichwa, nasi hatukumdadisi zaidi. Wala dhiki hii si ya nchi maskini peke yake. Mwezi wa Mei 2009 kinu cha Chalk River, Kanada, kilifungwa kwa kuvuja, na hakikurudi kazini mpaka Agosti 2010. Katika muda huo huo kinu cha Petten, Uholanzi, nacho kilisimamishwa kwa matengenezo, na hospitali za Ulaya na Amerika zikawa zinaahirisha wagonjwa. Katika bara letu la Afrika kiko kinu cha SAFARI-1, Pelindaba, Afrika Kusini, kilichoanza kazi mwaka 1965, nacho ni mmoja wa watoaji wakubwa wa molibdeni hiyo duniani. Na hapa kwetu, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hutumia tekneti kwa kupiga picha za mifupa na viungo vingine. Hivyo mambo haya si ya ng'ambo tu kama mama yule alivyodhani.

Siku ya kazi yenyewe mambo huwa hivi. Mgonjwa hudungwa kiasi kidogo chini ya ngozi ya titi, karibu na chuchu au karibu na uvimbe. Sindano huuma kwa muda mfupi. Baadaye hulala chini ya kamera ya gama, ambayo yenyewe haitoi mionzi yoyote bali hupokea tu, na katika kioo chake huonekana alama mbili: moja kubwa, pahala pa sindano, na nyingine ndogo, kwapani. Hiyo ndogo ndiyo nyumba ya bawabu. Fundi hutia alama ya wino juu ya ngozi. Katika chumba cha kupasulia daktari hushika kifaa mfano wa kalamu nene, akakipitisha juu ya kwapa, nacho hulia. Penye kitu hulia kwa haraka, pasipo na kitu hulia pole pole. Daktari hukata mkato mfupi pale penye kelele, hutoa tezi ile, huisikiliza tena ikiwa nje ya mwili ili kuhakikisha, kisha huisikiliza shimo: likinyamaza, amemaliza. Tezi hupelekwa kwa mtazamaji wa darubini.

Je, yafaa kuiamini njia hii? Hatukutaka kumpelekea mama yule maneno ya kutuliza tu. Uchunguzi mkubwa kuliko mingine ulifanywa Marekani na Kanada kwa wanawake 5,611, uitwao B-32, na hesabu zake zikatolewa mwaka 2010. Nusu yao walitolewa bawabu na kwapa likafagiwa vile vile. Nusu ya pili walitolewa bawabu peke yake, na kwapa likaachwa kama bawabu ni safi. Katika wale waliokutwa safi, kwa muda wa miaka 8, walio hai walikuwa 91.8 kwa kila 100 katika kundi la kwanza na 90.3 katika kundi la pili, tofauti ambayo kwa kanuni za hesabu haihesabiwi kuwa tofauti. Bawabu alipatikana kwa wanawake 97 katika kila 100.

Lakini haki ni kueleza na upande wa pili. Miongoni mwa wanawake ambao kweli walikuwa na saratani kwapani, kwa karibu 10 katika kila 100 bawabu alionekana safi. Pengine mlango ulikuwa umezibwa na saratani yenyewe, majimaji yakachukua njia nyingine, na chembe zikafuata maji. Njuga humfuata mbuzi. Mbuzi akipotea, nayo hupotea. Hata hivyo, kwa kuwa wengi wa wagonjwa hao hupewa na dawa nyingine baada ya kupasuliwa, uhai wao haukuonekana kupungua. Sisi twaona kwamba mtu aliyeambiwa hayo yote mawili ataifahamu hospitali kuliko aliyeambiwa sifa tupu.

Baada ya mafanikio haya wataalamu walitamani zaidi. Walisema: ikiwa chembe yaweza kutuonyesha tezi moja iliyo jirani, kwa nini tusizitie chembe katika damu, zikazunguke mwili mzima na kuifichua saratani popote ilipojificha? Zimetengenezwa nyingi, za dhahabu, za chuma, za mafuta, za kaboni. Na hapo walaji wale waliokuwa rafiki zetu kwapani wakageuka kuwa kizuizi, maana wamejaa tele ndani ya ini na wengu, na kila chembe ipitayo huimeza kabla haijafika. Mwaka 2016 wataalamu wa Toronto, Kanada, walikusanya maandiko ya miaka kumi juu ya majaribio katika panya, wakakuta kwamba kwa hesabu ya katikati ni asilimia 0.7 tu ya kilichodungwa iliyofika katika uvimbe. Yaani katika kila 1,000, zilizofika ni 7. Twastaajabu kwamba magazeti hutangaza kila mwezi ushindi mpya wa chembe hizi, lakini hesabu hiyo ya saba haitajwi.

Walio makini walirudi kwenye kipimo. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwa wanyama kwamba chembe zilizo chini ya nanometa 5.5 hivi huchujwa na figo zikatoka na mkojo, zisikae ini. Kwa fikira ya namna hiyo Ulrich Wiesner wa Chuo Kikuu cha Cornell na Michelle Bradbury wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, pamoja na wenzao, walitengeneza chembe za silika, jamaa ya mchanga na kioo, zenye nanometa 6 au 7, wakazitia iodini-124 kuwa njuga yake. Serikali yao iliruhusu zijaribiwe kwa binadamu mwaka 2011, na mwaka 2014 ikatolewa khabari ya wagonjwa watano wa kwanza: chembe zilitoka kwa njia ya figo, madhara makubwa hayakuonekana, na katika baadhi yao zilionekana kujikusanya mahali penye ugonjwa. Wagonjwa watano ni mwanzo mwema, lakini ni watano.

Twalitaja hili kwa kuwa tumeona sokoni chupa za maji na vidonge vilivyoandikwa neno "nano" kwa herufi kubwa, na muuzaji anaapa kwamba vyatafuta saratani mwilini na kuimaliza. Chembe tulizozieleza haziponyi kitu. Zile za kwapani huonyesha njia tu, na hutolewa hospitalini kwa mkono wa mtu aliyefundishwa. Mwenye kununua chupa ile akaacha kumwona daktari amejipunguzia miezi ambayo hawezi kuirudisha.

Siku ya tatu mama alikuja kabla hatujamwita. Tulimweleza kwa ufupi kuliko tulivyoandika hapa, naye akatuuliza matatu. Aliuliza kama sindano ile haitaisambaza saratani. Tukamwambia kwamba haifungui njia mpya, majimaji yalikuwa yakipita humo usiku na mchana kabla ya sindano. Aliuliza kama mjukuu wake wa miaka miwili aweza kupakatwa na mama yake usiku ule. Tukamwambia kiasi ni kidogo, ila kila hospitali ina maagizo yake, na binti aulize huko huko na afuate atakavyoambiwa, na mwanamke mwenye mimba au anyonyeshaye ni lazima aseme kabla ya kudungwa, asione haya. La tatu lilikuwa juu ya mkono.

"Huo ndio unaotafutwa kuokolewa," tulimjibu.

Akakaa kimya. Kisha akatupa simu yake, akasema, "Niandikie wewe, Maalim. Mwambie akubali. Mwambie na mimi nimeelezwa."

Tezi mbili zilitolewa, zote zikakutwa safi, na kwapa likaachwa. Mwezi mmoja baadaye mama alituletea picha ndani ya simu ile ile: binti ameketi, mtoto yuko mapajani, bangili mbili ziko katika mkono wa kushoto. Bado alikuwa na wiki kadhaa mbele yake za ile mionzi nyingine, ya kutibu, na mama alikuwa amekwisha kuulizia mwenyewe itaanza lini.